Mbweu ya Ng'ombe, Majani ya Lusina na Mbuzi wa Baba Mdogo



Ndugu msomaji, makala hii nimeiandika kwa sababu ya mbuzi wanne walionyonyoka manyoya.

Wakati wa likizo nilirudi nyumbani, wilayani Butiama, nikiwa nimetoka kusoma waraka wa Laudato Si' pamoja na wenzangu darasani. Katika aya ya 23 Baba Mtakatifu Fransisko anataja gesi zinazoongeza joto duniani, na mojawapo ni methani. Mimi ni mtoto wa wafugaji, nikataka kujua hiyo methani ina uhusiano gani na zizi letu. Nikasoma huku na kule, nikakuta kwamba yapo majani ya miti ambayo mnyama akiyala hutoa gesi hiyo kidogo zaidi, na mmoja wa miti hiyo ni lusina, ambayo imesimama mpakani mwa shamba la baba mdogo tangu nikiwa mdogo. Basi nikamwambia: "Baba mdogo, wape mbuzi lusina. Wape kwa wingi, ni nzuri." Yeye ameishia darasa la saba, na mimi ndiye frateri msomi wa falsafa, akanisikiliza. Kilikuwa kiangazi, nyasi zimekauka, mbuzi wakafungiwa bandani wakalishwa lusina karibu tupu. Hazikupita wiki tatu akanipigia simu seminarini: "Frateri, mbuzi wako wamekuwa vipara."

Wakinona ni wake, wakinyonyoka ni wangu. Lakini alikuwa na haki, na mimi nikarudi kwenye vitabu, safari hii bila haraka.

Tumbo lenye vyumba vinne

Ng'ombe, mbuzi, kondoo, swala, nyumbu na twiga wote ni wanyama wanaocheua. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 11, kinatumia alama hiyo ya kucheua katika kutenganisha wanyama walio safi na wasio safi. Aristotle naye, karne ya nne kabla ya Kristo, alishaeleza vyumba vinne vya tumbo lao, kimoja kimoja, katika kitabu chake kuhusu historia ya wanyama. Aliona pia kwamba wanyama wenye pembe hawana meno ya mbele ya juu, akafikiri kwamba kwa kuwa hawatafuni vizuri, maumbile yamewapa matumbo ya ziada ya kumalizia kazi. (Wengi wetu tunamjua Aristotle wa Metafizikia tu. Yafaa kumtembelea na machinjioni.) Watawa wa kale waliazima neno hilohilo: kulirudia Neno la Mungu moyoni taratibu waliita kwa Kilatini *ruminatio*, yaani kucheua.

Alichokosa Aristotle ni hadubini. Chumba cha kwanza, kilicho kikubwa kuliko vyote, wataalamu hukiita rumeni. Kwa ng'ombe mkubwa wa maziwa kinaweza kubeba lita mia moja na zaidi. Humo hamna oksijeni, joto ni kama nyuzi 39, na wanaishi viumbe wadogo wasiohesabika: bakteria, protozoa, kuvu na wengine waitwao arkea. Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuvunja nyuzinyuzi za nyasi. Hao wapangaji ndio wanaozivunja. Wanazichachusha, kama togwa inavyochachuka kwenye mtungi, na katika uchachu huo zinapatikana asidi ambazo ng'ombe anazifyonza na kuzigeuza kuwa nguvu, maziwa na nyama.

Sasa uchachu huo unaacha masalia mawili: hidrojeni na hewa ya ukaa. Hidrojeni ikirundikana, kazi ya kuvunja nyasi inadorora, kama jikoni ambamo moshi hauna pa kutokea. Hapo ndipo arkea wanapofanya kazi yao. Wanachukua hidrojeni, wanaiunganisha na kaboni iliyo katika hewa ya ukaa, na inayotoka ni methani. Karibu yote inatoka kwa mdomo na pua, ng'ombe anapopiga mbweu, wala si kule nyuma ambako vijana wa kipaimara hucheka wakilisikia somo hili.

Naomba tulishike hili: methani si ugonjwa wa ng'ombe. Ni dohani yake. Anayetaka kuiziba lazima ajue kwanza ile hidrojeni itapita wapi.

Hasara mbili

Hasara ya kwanza ni ya mfugaji. Kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu iliyomo katika chakula cha ng'ombe hupotea kwa njia ya methani. Mwongozo wa jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, wa mwaka 2006 ulimkadiria ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa kuwa anatoa kilo 31 za methani kwa mwaka. Nilikaa na kikokotoo nikapiga hesabu: nguvu iliyomo katika kilo 31 za methani inalingana na ya kilo 33 hivi za gesi ya kupikia. Yaani mitungi miwili ya kilo 15 na chenji. Mwenye ng'ombe kumi anapuliza hewani mitungi ishirini na zaidi kila mwaka, na nyasi zilizoitengeneza gesi hiyo amezitafuta kwa jua.

Mtu ataniuliza: kwa nini tusiikinge? Mbweu haikingiki. Mtambo wa biogesi unaouona katika baadhi ya nyumba za watawa unatumia kinyesi, na humo wamo arkea wa ukoo uleule wakifanya kazi ileile, ila humo tunawataka wafanye kwa bidii.

Hasara ya pili ni ya wote. Kilo moja ya methani, ukiipima kwa kipindi cha miaka 100, inaongeza joto takribani mara 28 ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Lakini haikai sana. Inadumu angani kama miaka 12 hivi, wakati sehemu ya hewa ya ukaa inabaki kwa karne nyingi. Ndiyo maana wanasayansi wanaikazania: ukiipunguza leo, matunda yake unayaona ukiwa hai. Karibu theluthi moja ya methani inayotokana na shughuli za binadamu inatoka kwa mifugo. Mwaka 2021, kwenye mkutano wa Glasgow, mataifa mengi yaliahidi kupunguza methani yote kwa asilimia 30 ifikapo mwaka 2030, yakilinganisha na kiwango cha 2020.

Majani yanafanya nini tumboni

Mti hauwezi kukimbia anayeula. Silaha yake ni kemia: unatia katika majani vitu vichungu, vikali au vya kukausha mdomo. Vitu hivyohivyo vikiingia rumeni vinawasumbua baadhi ya wapangaji tuliowataja.

Tanini unaijua hata kama hujui jina lake. Ndiyo inayokausha ulimi unapokunywa chai ya rangi iliyokaa sana, au unapong'ata pera bichi. Tanini inashikamana na protini. Ndani ya rumeni inawapunguza nguvu protozoa na arkea, tena inaifunga protini ya majani ili isiharibiwe humo mapema. Ikifika chumba cha nne chenye asidi kali, protini inaachiliwa na mnyama anaifaidi. Kwa hiyo dawa moja inaweza kufanya kazi mbili. Nchini kwetu tanini imetengenezwa kiwandani kwa miongo mingi: kule Njombe, kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949, inakamua tanini kutoka magome ya miwati kwa ajili ya kulainisha ngozi. Tanini ya mti huohuo wa miwati walipewa kondoo katika jaribio la Uswisi lililochapishwa mwaka 2005, na methani yao ikapungua kwa takribani asilimia 13. Si muujiza, lakini si haba. Tatizo ni kwamba tanini ikizidi, mnyama anakula kidogo, nyuzinyuzi hazivunjwi vizuri, na maziwa yanapungua. Utakuwa umeshinda methani na umeshindwa ufugaji.

Saponini ndiyo inayotoa povu kama sabuni. Inatoboa ngozi nyembamba ya protozoa, nao wanakufa. Na kwa kuwa protozoa ndio wanaowatengenezea arkea hidrojeni nyingi, na wengine wanaishi wamewapakata kabisa, arkea nao wanapungukiwa. Sesbania ni mti wenye saponini, na ulijaribiwa kwa kondoo miaka ya 1990. Protozoa walipungua kweli. Baada ya siku chache wakarudi, kwa sababu bakteria walijifunza kuimeng'enya ile saponini. Kisa hiki kidogo ninakipenda, kwa maana kinaonyesha kwa nini matokeo ya chupa ya maabara hayatoshi: ndani ya ng'ombe wamo wenyeji, na wenyeji wanazoea. Mkonge unaoonekana kwenye mipaka ya mashamba mengi Kanda ya Ziwa una saponini pia, lakini simshauri mtu aukate ampe mbuzi. Ushauri wangu wa aina hiyo umeshaleta vipara.

Yako pia mafuta yenye harufu: ya kitunguu saumu, ya giligilani, ya karafuu. Eugenoli, ile inayofanya karafuu ya Pemba inukie na kuutuliza ufizi unaouma, imo katika mchanganyiko wa Uswisi uitwao Agolin Ruminant, ambao ng'ombe hupewa gramu moja tu kwa siku. Kwa mfugaji wa Bunda mwenye ng'ombe anayezunguka machungani kutwa nzima, sioni nani atampimia gramu moja kila asubuhi.

Na mwani? Nimeulizwa swali hili na frateri mwenzangu anayetoka Zanzibar. Upo mwani mwekundu uitwao Asparagopsis, wenye kitu kiitwacho bromofomu, ambao katika baadhi ya majaribio ya California ulipunguza methani ya ng'ombe wa nyama kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani ni wa jamii nyingine, Eucheuma na Kappaphycus, unaouzwa kwa ajili ya viwanda vya kuzalisha karajini. Usinunue gunia ukategemea miujiza.

Kosa langu lilikuwa wapi

Lusina inayo tanini, na majaribio ya Australia, Mexico na Kolombia yameonyesha kwamba ng'ombe waliochanganyiwa lusina na nyasi walitoa methani pungufu kwa kila kilo ya chakula. Hapo nilikuwa sahihi. Lakini lusina ina kitu kingine kiitwacho mimosini, hasa katika majani machanga na mbegu. Mimosini inazuia ukuaji wa nywele, na ikivunjwa nusu tumboni inazaa kitu kinachoiumiza tezi ya shingo. Kanuni ya kawaida inayofundishwa ni kwamba lusina isizidi kama asilimia 30 ya chakula, na mnyama aizoee polepole. Punda na nguruwe, wasiocheua, huwadhuru zaidi.

Historia ya jambo hili inavutia. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aliona kwamba mbuzi wa Hawaii wanakula lusina maisha yao yote bila kudhurika, wakati mifugo ya kwao inaumwa. Akashuku kwamba tofauti haimo katika mbuzi bali katika wapangaji wa tumboni mwao. Maji ya rumeni yakachukuliwa kutoka Hawaii, yakapelekwa Australia, wakapewa mifugo ya huko, nayo ikapona. Bakteria anayefanya kazi hiyo alipewa mwaka 1992 jina la Synergistes jonesii, kwa heshima yake.

Nilipoyasoma hayo nilikumbuka somo letu la maadili. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 47, anafundisha kwamba busara haitoshi kujua kanuni za jumla. Lazima ijue pia mambo mojamoja, kwa sababu matendo yetu yanafanyika juu ya mambo mojamoja. Mtihani wa swali hilo nilifaulu. Nilijua kwamba "lusina hupunguza methani". Sikujua mbuzi hawa wanne, kiangazi hiki, wenye njaa, wanaokula nini kingine. Baba mdogo alijua, lakini sikumuuliza.

Manyoya yaliota tena baada ya kuwaachisha. Mmoja alikuwa na mimba na aliitoa. Siwezi kuthibitisha kwamba ni kwa sababu ya lusina, ila kwa mtu mwenye mbuzi wanne hilo si jambo la kuandika kwa mstari mmoja, na nimemwomba radhi.

Ng'ombe mwenye njaa

Kuna jambo moja ambalo naona linatuhusu kuliko majani yote niliyoyataja. Jijini Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, kipo Kituo cha Mazingira, chenye vyumba maalumu ambamo ng'ombe hufungiwa na kila pumzi yake hupimwa. Watafiti wa huko waliwalisha ng'ombe wa Boran chakula pungufu kabisa, kama ilivyo kwetu kiangazi kikikaza. Ilionekana kwamba kwa kila kilo ya chakula, ng'ombe aliyenyimwa sana alitoa methani nyingi zaidi, si kidogo.

Tafsiri yake ni nzito. Ng'ombe wetu wa asili aliyekaa kiangazi kizima bila kuongezeka hata kilo moja, akitoa nusu lita ya maziwa au asitoe kabisa, anapiga mbweu kila siku. Ng'ombe wa maziwa wa Amerika Kaskazini, kwa mwongozo uleule wa 2006, hutoa zaidi ya kilo 120 za methani kwa mwaka, mara nne ya wetu. Lakini gawanya kwa lita za maziwa anazotoa, na wetu ndiye anayeonekana mchafuzi. Hesabu hiyo ni ya kweli, na bado siipendi inapotumiwa peke yake. Katika Laudate Deum, waraka wa Oktoba 2023, aya ya 9, Papa Fransisko anakumbusha kwamba Afrika, yenye zaidi ya nusu ya watu maskini kabisa duniani, imechangia sehemu ndogo mno ya gesi zilizorundikana angani. Tena ng'ombe wa Mkurya au wa Mzanaki si mashine ya maziwa. Ni mahari, ni ada ya shule, ni bima siku mgonjwa anapopelekwa Musoma mjini. Ukisimama mimbarini ukaanza na "punguzeni ng'ombe", utakuwa umeongea na migongo ya watu. (Na jirani zetu wa Serengeti, nyumbu zaidi ya milioni moja, nao wanacheua. Hao sijasikia mtu akiwataka wapunguzwe, wala mimi sitaki.)

Maoni yangu ni haya: mfugaji asiye na cha kumshibisha ng'ombe wake mwezi wa tisa asianzwe na habari za methani. Aanzwe na malisho. Majani ya miti yakichaguliwa vizuri, protini inaongezeka, maziwa yanaongezeka, na methani kwa kila lita inapungua bila yeye kuitaja.

Vilivyopo kati ya Musoma, Bunda na Butiama

Hatuanzi sifuri. Shirika la Kiswidi la Vi Agroforestry lilianza kazi mkoani Mara miaka ya 1990, na lusina, grilisidia, sesbania na kaliandra nyingi unazoziona mashambani zina ukoo na kazi za aina hiyo. Kaliandra ina tanini nyingi na haina mimosini. Utafiti uliofanyika Embu, Kenya, ulionyesha kwamba kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kuchukua nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na kwamba miti kama 500 iliyopandwa kwa mstari, mipakani na kwenye makinga maji, inamtosha ng'ombe mmoja. Kwa mwenye ng'ombe mmoja au wawili wa ndani, hilo linawezekana. Kwa mwenye mia moja, halipo.

Huyo wa mia moja atazame upande wa Wasukuma. Ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, lilifufuliwa Shinyanga na mradi wa HASHI kuanzia mwaka 1986. Ndani ya ngitili migunga inarudi yenyewe, na majani na maganda ya migunga yana tanini. Mnyama anachanganya mwenyewe, leo nyasi, kesho majani, kwa kipimo ambacho frateri hakukipanga.

Bunda kuna pamba. Mbegu za pamba na mashudu yaliyobaki na mafuta yanapunguza methani kwa njia nyingine: mafuta hayachachuki rumeni na yanawasumbua protozoa. Mafuta yote yakizidi asilimia 6 au 7 ya chakula kikavu, usagaji unaharibika. Na mbegu ya pamba ina sumu yake, gosipoli, ambayo rumeni ya ng'ombe mkubwa inaituliza, lakini ndama ambaye rumeni yake bado changa haiwezi. Ndama asipewe.

Vipimo vya udongo wetu na mifugo yetu vitatoka kwa wataalamu wetu. Kanda ya Ziwa ina kituo cha TALIRI pale Mabuki, Misungwi, na Butiama kwenyewe kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Mwalimu mwenyewe alichunga mifugo ya baba yake, Chifu Burito, kabla ya kupelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934.

Baba mdogo sasa anapima. Fungu moja la lusina, mafungu mawili ya nyasi kavu au mabua, na wiki moja kila mwezi hawapi lusina kabisa. Hiyo wiki ya mapumziko ameibuni yeye, na sijaikuta katika kitabu chochote. Nilipomuuliza sababu, alisema hata sisi tuna Ijumaa.

Maswali kwa jumuiya ndogo ndogo

1. Katika jumuiya yetu, ni mwezi gani mifugo inakosa chakula kabisa, na ni miti gani ya mpakani ambayo haijawahi kutumika? Waulizwe kwanza wazee na wachungaji wa ng'ombe.

2. Nani kati yetu amewahi kupewa ushauri wa kilimo au mifugo ukamletea hasara? Aliyeushauri alirudi kuona?

3. Ng'ombe wa mahari wakiwa wachache lakini wenye afya, familia za pande zote mbili zitawapokeaje?

4. Parokia yenye eneo lisilotumika inaweza kutenga kipande cha kitalu cha kaliandra kabla ya mvua za vuli? Nani atamwagilia?